Maji Kwenye Tela

Ukitoka Muheza kwenda Korogwe, harufu ya Hale hukupokea kabla hujaiona Hale yenyewe. Ni uchachu mkali wa majani ya mkonge yaliyopondwa na kumwagwa, unaoingia ndani ya basi na kung'ang'ania kwenye nguo. Wenyeji hawaushughulikii. Mama niliyekaa naye kiti kimoja aliendelea kumenya chungwa lake, kisha akaniona navuta pumzi kwa nguvu dirishani.

"Kaka, wewe mgeni huku," akasema. Hakuwa anauliza.

Mgeni nilikuwa, na uchachu ule ndio ulionileta. Mahali popote panaponuka hivyo pana sukari, na vijidudu vimeshaifikia.

Hamu ya safari ilianza niliposoma habari za Wales. Mjini Aberystwyth watafiti wa malisho wametumia miongo kadhaa kuzalisha raigrasi, nyasi ya kawaida ya kulishia ng'ombe huko Ulaya, yenye sukari nyingi kuliko ile ya zamani. Mwanzoni walimfikiria ng'ombe tu. Vijidudu vya tumboni mwake vikipata sukari ya haraka huitumia vizuri zaidi protini ya majani, na naitrojeni kidogo zaidi hupotelea kwenye mkojo. Swali la pili lilikuja baadaye: kama tumbo la ng'ombe linaweza kuichachusha sukari hiyo, kwa nini isichachushwe pipani ikatoka ethanoli, mafuta ya kuendeshea magari bila kuchimba kisima?

Nikawaza Tanga, kwa sababu mkoa huu umekuwa ukikamua mimea tangu zamani. Karne ya 19 bonde la chini la mto Pangani lilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Bushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani hadi wakamnyonga Pangani mwezi Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa. Miaka minne baada ya kifo chake, mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge kutoka Florida. Aliagiza miche 1,000, ikafika Tanga ikiwa hai 62. Kutoka kwenye hiyo 62 ndiko ilikotoka mistari iliyonyooka unayoiona hadi leo kutoka barabarani, inayofunguka na kujifunga kadiri basi linavyokwenda.

Nilishuka Hale. Wengi wanaijua kwa umeme wa maji, mtambo wa megawati 21 ulioanza kazi mwaka 1964. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 2008 hapohapo ulizinduliwa mtambo mwingine, mdogo sana, wa kilowati 150, wa kutumia gesi inayotokana na makapi ya mkonge. Ulijengwa katika shamba la Katani kwa kusaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, na ulitangazwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani.

Ukisimama karibu na korona, yaani kiwanda cha kusindika mkonge, huhitaji kuelezwa sababu ya mtambo huo. Trekta linaingia na tela lililojaa mafungu ya majani, fungu moja majani 30. Wanaume wanayapanga kwenye mkanda, mkanda unayapeleka kwenye ngoma zenye visu butu, maji yanamwagwa kwa wingi, na kelele inakuwa ya kuzungumza kwa mikono. Upande mmoja zinatoka singa, ndefu na zenye kung'aa, za kupeleka kuanikwa juani. Upande mwingine unatiririka uji wa kijani. Katika uzito wote ule ulioingia na tela, singa ni asilimia 4 hivi. Iliyobaki ni ule uji.

Kwa hiyo watu hawa tayari wamelipa dizeli, trekta na jasho la mkataji ili kusafirisha shehena ambayo karibu yote watakuja kuimwaga. Ukikusanya uji huo kwenye tangi lisilopitisha hewa, bakteria watakupa gesi, nawe hujalipa hata senti ya nauli ya ziada. Gharama ya kuleta malighafi getini imeshabebwa na singa. Hilo nililiandika kwenye daftari kwa haraka, bila kujua kwamba ndilo lingenifuata njia nzima hadi Handeni.

Mkonge, hata hivyo, si nyasi. Ni ndugu wa agave ile ambayo Wamexico huoka kitako chake, wakakichachusha, wakapata tekila. Lakini yeyote anayetaka kuzalisha mmea kwa ajili ya sukari angefanya vizuri kupita kwanza katika habari za mkonge wa hapa. Si mbali na Hale, huko Ngomeni wilayani Muheza, kuna kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya zao hili. Kazi iliyoanzia katika kituo cha Amani na kuendelezwa Mlingano ilileta hibridi maarufu namba 11648. Mkonge wa kawaida hutoa majani 200 na ushei maishani mwake, kisha hutoa mlingoti, huchanua mara moja na kufa. Hibridi hii huvuka majani 500. Wenye mashamba waliishangilia, na walikuwa na haki.

Kisha majani yake yakaanza kutoka madoa. Hibridi ikaonekana kuwa dhaifu mbele ya ugonjwa ambao vitabu vya kilimo duniani kote huuita kwa jina la mji wa jirani: madoa ya Korogwe. Mji haukuchagua umaarufu huo, lakini umeupata, na mtafiti wa China au Brazil ambaye hajawahi kunywa chai ya stendi ya Korogwe anaijua Korogwe kwa madoa. Mmea ukiusukuma uongeze kitu kimoja, kuna kingine hukiachia.

Stendi ya Korogwe yenyewe ina kila kitu: machungwa, karanga, soksi, wapiga debe wanaokushika begi kabla hujasema unakokwenda. Kwenye kona moja kijana alikuwa na mashine ya kukamua miwa. Anaupitisha muwa kati ya rola mbili za chuma, unatoka upande wa pili umepasuka na kulowa, anaukunja, anatia kipande cha tangawizi na ndimu katikati ya mkunjo, anaurudisha tena. Mara ya nne makapi yanatoka makavu, anayatupa kwenye kiroba. Nyuki wamejaa, na hakuna anayewafukuza.

Nilikuwa na kipimo changu cha sukari, kile cha mkononi unachokilenga kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Unadondosha tone la juisi kwenye kioo, unafunika, unaangalia: juu bluu, chini nyeupe, na mpaka kati ya rangi hizo mbili unasimama kwenye namba. Juisi yake ilisimama kwenye 19.

"Kwa hiyo inasemaje, tamu au si tamu?" akauliza.

"Inasema 19."

"Mimi ningekwambia ni tamu, bure kabisa." Akanidai hela ya glasi.

Namba ile ina maana kwamba katika kila gramu 100 za juisi, gramu 19 ni vitu vilivyoyeyuka humo, vingi vyake sukari, na 81 zilizobaki ni maji. Muwa mzima, ukihesabu na nyuzi zake, una maji asilimia 70 hivi. Mwenye kiwanda cha miwa, kwa hiyo, ni mtu anayeendesha magari ya maji. Tani moja ya miwa mizuri hutoa ethanoli lita 70 hadi 80, basi. Na magari hayo hayawezi kungoja, kwa sababu muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari yake palepale. Usipofika kinuni ndani ya siku moja au mbili, unachokamua ni hasara.

Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu wamehangaika na sukari kwa zaidi ya karne. Kila sehemu ya sukari wanayoiongeza ndani ya shina inapunguza maji kwenye tela. Kazi kubwa ilifanyika Java na India. Miwa mitamu ya asili ilikuwa inakufa kwa magonjwa, wakaichanganya na nyasi ya porini, ndugu yake mwembamba asiye na sukari ya maana lakini mgumu wa kufa. Mtoto wa kwanza alikuwa mgumu na asiye na ladha. Wakamrudisha kwa muwa mtamu, na mjukuu wake naye wakamrudisha, hadi utamu ukarejea na ugumu ukabaki. Coimbatore, India, walitoa kwa wakulima chotara wao wa kwanza wa muwa na nyasi hiyo mwaka 1918. Java walipata POJ 2878 mwaka 1921, ikatapakaa katika nchi nyingi za miwa. Mbegu za Coimbatore zilizochaguliwa Natal zikatupa NCo 376, muwa uliotawala mashamba ya kusini na mashariki ya Afrika kwa miongo, ya Tanzania yakiwemo. Kwetu kazi ya kupima aina mpya za miwa hufanyika Kibaha, mkoani Pwani.

Katika habari hiyo kuna jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hulipita haraka. Faida kubwa iliyopatikana kwenye miwa karne iliyopita ilitokana zaidi na kuongeza tani kwa hekta kuliko kuongeza sukari kwa kila tani. Shina limekubali kuwa refu, nene, lenye ndugu wengi kwenye kitako kimoja. Kujaza sukari zaidi ndani yake kumekuwa kugumu. Yaani tumeongeza magari ya maji.

Bondeni mwa mto Lwengera, unaoshuka kati ya Usambara ya Mashariki na ya Magharibi na kuingia Pangani karibu na Korogwe, nilimkuta mkulima wa makamo akikata miwa ya kuuza stendi. Nilimuuliza anachagua mbegu kwa kuangalia nini. Alifikiri kidogo, akapiga muwa mmoja kwa kisu. "Uwe laini. Mtu ana meno yake, hataki kuyavunja." Utamu je? "Utamu upo tu. Miwa yote mitamu." Muwa wa kiwandani, wenye ganda gumu na nyuzi nyingi, hangeupanda hata ukimpa bure, na sababu zake ni nzuri: soko lake linatafuna.

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kama kilomita 65, lami yote, na basi dogo nililopanda lilizimaliza kwa kusimama kila penye mti wenye kivuli. Ukiuacha mto, nchi inabadilika. Kijani cha bonde kinakwisha, vinakuja vilima vya chini, mahindi yaliyokwishavunwa, miembe, vichaka vya miiba. Ulikuwa mwezi Julai, masika yamekwisha, anga jeupe la kipupwe. Hii ni nchi ya Wazigua na ni nchi ambayo mvua huizoea na kuisahau. Muwa hapa ungehitaji umwagiliaji ambao haupo.

Tulikuwa tunapishana na mkaa. Pikipiki moja magunia matatu, nyingine mawili na abiria juu. Kwenye kijiwe cha chai Sindeni basi lilisimama muda wa kutosha kupata andazi, na mmoja wa waendesha pikipiki hao alikuwa ameegesha mzigo wake kwa gogo. Nikamsalimia, nikamweleza habari zangu za nyasi, za kota, yaani mtama wenye shina tamu, na za ethanoli. Alisikiliza kwa adabu.

"Bosi, hiyo kota yako mbichi gunia lingekuwa kilo ngapi?"

Nikamwambia sijui, nzito lakini.

"Mimi hata kuni sibebi. Ningebeba kuni ningefika na ngapi? Mkaa unabeba moto mtupu."

Hakuna profesa aliyenieleza vizuri hivyo. Mchoma mkaa analifanyia porini jambo ambalo kiwanda cha ethanoli hulifanya mjini: anaitoa mizigo isiyo na faida kabla ya safari. Maji na gesi za kuni anaziacha kama moshi juu ya tanuri la udongo, anaondoka na kitu chepesi chenye nishati nyingi kinachokaa mwaka mzima bila kuoza. Ni uharibifu mkubwa wa misitu, na kwenye tanuri la kienyeji kilo 80 za mkaa humeza nusu tani ya kuni au zaidi. Lakini kwa upande wa nauli mkaa unashinda, na mtu yeyote anayetaka kuleta nishati mbadala Handeni anashindana na pikipiki ile kwanza.

Ajabu ni kwamba chini ya ardhi hiyohiyo kuna jibu jingine la swali hilohilo. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani karibu na Tanga linakatiza wilaya za Handeni na Korogwe katika safari yake ya kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, yakipoa huganda, kwa hiyo bomba limeundwa la kupashwa moto njia nzima. Fikiria gharama hiyo, na bado wenye mradi wanatarajia ilipe, kwa sababu ndani ya bomba hakuna maji ya kusafirisha. Juu yake mtu anapita na magunia matatu ya mkaa. Mimi katikati nilikuwa nimebeba kipimo cha sukari.

Chanika, mjini Handeni, nilipata chumba karibu na soko. Mama ntilie niliyekula kwake jioni alikuwa na majiko matatu ya mkaa na mtungi mmoja mdogo wa gesi aliouweka juu ya kabati. Gesi ni ya chai ya asubuhi, alisema, maharage yangeimaliza. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ethanoli imo katika orodha ya nishati hizo. Nikajaribu hesabu kwenye leso ya karatasi wakati wali unapakuliwa. Tani moja ya mabua ya mtama mtamu hutoa ethanoli lita 40 hadi 50. Lita moja ina megajuli 21 hivi, kilo ya mkaa ina 29. Lakini jiko la mkaa la kawaida humwaga zaidi ya robo tatu ya joto nje ya sufuria, na jiko zuri la ethanoli humwaga chini ya nusu. Kwa makisio yangu, lita hizo 45 zingeivisha maharage sawa na kilo 80 za mkaa. Tani ya mabua dhidi ya nusu tani ya kuni: si mbali hata kidogo, na mabua huota tena mwakani.

Kwa nini basi mtama na si muwa? Kwa sababu ya mvua, na kwa sababu ya jambo ambalo watoto wa Handeni wanalijua kuliko wataalamu wa Wales. Kesho yake nilirudi Sindeni kwa bodaboda, nikaonyeshwa shamba la bibi mmoja nyuma ya shule. Mahindi yalikuwa yameshatoka, umebaki mtama kwenye mstari wa pembeni na kota zilizochanganyika humo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kununua au kuangalia?"

Nikasema kuangalia. Akasema kuangalia ni bure lakini kutafuna si bure, akacheka, kisha akanikatia mbili bila kudai kitu.

Kabla ya kukata alifanya jambo nililotaka alirudie. Alishika jani la mtama mmoja, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye uti wake wa katikati. Uti ulikuwa mweupe kabisa. Akauacha. Akaenda kwa mwingine, uti wake umefifia, una rangi ya maji ya mchele. "Huu," akasema, na panga likashuka. Ndani shina lilikuwa limelowa, juisi ikachuruzika hadi kiwiko. Ule wenye uti mweupe alinikatia pia nilipomwomba: ndani mkavu, mweupe, una sponji.

Maabara zimechukua muda mrefu kufika alipofika bibi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wameipata jeni inayoamua ukavu wa shina la mtama. Katika mtama wa porini jeni hiyo hufanya kazi yake: huamuru seli za katikati ya shina zife, nafasi yao ijae hewa. Kwenye mtama wenye juisi jeni hiyo imeharibika. Seli hazipati amri ya kufa, zinabaki hai na maji yake, na sukari inapata pa kukaa. Na alama ya nje ya yote hayo ni rangi ya uti wa jani. Mtu wa kale, mahali fulani katika bara hili ambalo mtama ulianzia, aliona mmea wenye kasoro akaupenda, akatunza mbegu yake. Mwaka 1857 Mwingereza Leonard Wray alizipeleka Marekani aina za kota alizozikuta kwa Wazulu wa Natal, na Wamarekani wakapika asali ya mtama kutoka kwenye mbegu za Kiafrika. Leo mbegu zinazouzwa kwa ajili ya ethanoli zina damu hiyo.

Nilipima kota ya bibi. Mstari ulisimama juu kidogo ya 15. Chini ya muwa wa stendi, lakini mmea huu ulipandwa Machi na sasa ni Julai, haukumwagiliwa, na juu yake ulikuwa na suke la nafaka. Nikamwonyesha namba. Akauliza kama ni nyingi. Nikasema ni nzuri.

"Basi hii mbegu nitaweka," akasema, na akafunga fundo kwenye jani la shina la jirani, dada yake huyo tuliyemkata. Ndivyo anavyofanya kila mwaka: anaonja moja, anafunga fundo kwa zile zinazofanana nayo, suke la fundo haliendi kinuni. Ukimwita mzalishaji wa mbegu atakushangaa.

Katika miaka ya 2000 tuliona makampuni mengi yakija nchini na lugha ya mafuta ya mimea. Kisarawe walilima jatrofa kwenye ardhi ya vijiji 11, kampuni ikaanguka mwaka 2011. Bagamoyo, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Handeni, Waswidi walitaka eneo kubwa la miwa ya ethanoli, mradi ukafutwa mwaka 2016. Leo sehemu ya eneo hilo inatoa sukari ya kula. Wote walizungumza kuhusu ardhi isiyotumika. Mimi sijawahi kuiona ardhi hiyo. Handeni nzima ina mtu aliyeikalia, ng'ombe anayeipitia, au mchoma mkaa anayeijua kwa mti mmojammoja. Na tangu 2022 kijiji cha Msomera, hukohuko Handeni, kimepokea wafugaji kutoka Ngorongoro na mifugo yao. Nyasi za hapa zina wenyewe, na wenyewe wana kwato.

Ndiyo maana naona kota ina nafasi ambayo jatrofa na muwa havikuwa nayo. Haidai shamba jipya. Suke linabaki la ugali, majani yanabaki ya mbuzi, na shina, ambalo sasa huliwa na watoto au kuachwa likauke, ndilo la kuuzwa. Mzalishaji wa mbegu mwenye akili angeanzia hapo: asitafute mtama wa sukari tu, atafute ule unaojaza suke na shina kwa pamoja, wenye nafaka nyekundu chungu kidogo ambayo kweleakwelea hawaipendi. Si rahisi. Ukilikata suke mapema sukari ya shina hupanda, kwa sababu mmea umenyimwa pa kuipeleka. Ukiliacha, nafaka inadai fungu lake. Na bado kuna ethanoli yenyewe: kuikamua, kuichachusha na kuikeneka karibu na shamba, ili kinachopanda pikipiki kiwe spiriti na si maji. Ustadi wa kukeneka upo vijijini kwa wingi, ila tangu 1966 kuna sheria inayoubana, na gongo haitaacha kuwa gongo kwa sababu umeitia rangi ya bluu. Mtambo wa gesi wa Hale hauna tatizo hilo. Gesi haileweshi.

Nilimweleza bibi mpango huo wote, kwa shauku kuliko nilivyokusudia. Alisikiliza akiwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akinichambulia ganda la kota kwa meno yaliyobaki. Alipomaliza akaniuliza kwanza kama suke litabaki lake. Nikasema ndiyo. Akauliza kama majani pia. Ndiyo. Mabua wangeyachukua lini? Nikasema lazima siku ileile ya kukata, au ya pili yake.

"Na hicho kiwanda kiko wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono upande wa barabara ya Korogwe. Akatema makapi.

"Mashine ya kusaga iko pale kwenye mwembe," akasema. "Kikiwa hapo, nitaleta mwenyewe kichwani. Kikiwa Korogwe, mwambie aje na gari lake."

Akaingia ndani kutafuta mfuko wa kunifungia mbegu.